Wachungaji wawili chini ya mti, na askari aliyefutwa

 Mwezi huu ukurasa wa familia hatukuujaza habari za vyandarua wala ratiba ya kliniki. Hizo ziko ukurasa wa nyuma, msizipite. Hapa tumeweka picha, na tunaomba muiangalie kwanza kabla ya kuendelea kusoma.

Mmeiona? Ni ndogo, haifiki hata kiganja cha mtu mzima, na haina rangi, nyeusi na nyeupe tu. Ndiyo maana mashine yetu ya kurudufu haikuiharibu sana, maana si mnajua inavyozifanya picha za watu, wote wanatoka kama wamepakwa masizi. Kuna wanaume wawili nje, porini. Mmoja ni mzee. Mwingine ni kijana, kauegemea mti, mikono kaikunja kifuani. Kondoo wako pale pale wanakula zao. Hakuna anayekimbia, hakuna anayepiga kelele. Ukiitazama kwa haraka utasema: raha iliyoje, hawa wana amani.

Hawa ni wachungaji. Tuelewane, si wachungaji wa kanisa, ni wa kondoo. Mzee anaitwa Thenot na kijana anaitwa Colinet. Picha ilitengenezwa London, Uingereza, ikatoka kwenye kitabu cha shule mwaka 1821. Aliyeichonga aliitwa William Blake, na alichonga 17 za namna hiyo kwa ajili ya kitabu kile. Nyingi ni ndogo kuliko hii, kimo hakifiki sentimita 4, yaani kama kiberiti kimoja na nusu ukivilaza.

Tulizungusha nakala chache vijijini kabla ya kuandika, tukasikiliza watu wanasema nini. Bibi mmoja wa Fizi aliichukua ile ambayo mti umepinda kwa upepo na mazao yote yamelala chini, akasema bila kusubiri: "Hapo mvua ya mawe imepita. Hao mwaka huo hawavuni." Hakujua kusoma jina la picha, na hakuhitaji.

Kwenye nyumba nyingine mtoto wa miaka minane, mzaliwa wa hapa hapa kambini, aliikodolea macho ile ya wachungaji wawili kisha akamgeukia babu yake.

"Babu, na hawa bomba lao liko wapi?"

"Hawa hawana bomba, mjukuu wangu. Wana mto."

"Na mgao wanachukulia wapi?"

Babu alicheka mpaka akafuta machozi. "Mgao wao si huo unaouona? Kondoo hao. Wana maziwa, wana sufu, na shamba liko nyuma ya kilima."

Mtoto akaitazama tena, na tuliona kabisa kwamba hakuamini. Tukasema basi, habari hii lazima tuiandike, tena kwa urefu wake.

Aliyechonga ni nani?

William Blake alizaliwa London mwaka 1757. Alipokuwa na miaka 14 wazazi wake walimpeleka kwa fundi wa kuchonga picha kwenye shaba, akakaa huko miaka saba akijifunza kazi. Siku hizo hakukuwa na kamera. Ukitaka kuweka picha kwenye kitabu, fundi anaichonga kwenye kibao cha shaba au cha mbao, kinapakwa wino, kinagandamizwa kwenye karatasi. Wale wanaokumbuka mwalimu wao alivyokata kiazi nusu, akachora nyota kwa kisu na kukichovya kwenye wino, wanaijua kazi hiyo. Kwa mbao, kama kwa kiazi, kinachobaki juu kinachapa weusi, kilichochongwa kinabaki cheupe.

Ile ya kiazi ni ya dakika kumi. Ya Blake ilihitaji mbao ngumu sana, tena haikatwi kufuata urefu wa mti kama tunavyopasua ubao wa mlango. Inakatwa kwa kuvuka shina, ule upande wenye miviringo ya umri wa mti, ili kisu kiweze kugeuka kila upande bila mbao kupasuka. Blake alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 na hajawahi kuchonga mbao za namna hiyo maishani. Mafundi wengine walichonga mistari laini, iliyopangwa kama nywele zilizochanwa. Yeye alichonga kama mtu anayewasha taa gizani: kibao chote ni usiku, kisha anapitisha ncha ya chuma hapa unatokea mwezi, hapa mgongo wa kondoo, hapa ukingo wa kofia ya mtu anayetembea.

Kwa pesa alikuwa maskini, na tunasema hivyo kwa heshima. Alimuoa Catherine mwaka 1782, na siku ya harusi bibi harusi alitia alama ya X kwenye kitabu cha ndoa kwa sababu hakujua kuandika. Mumewe akamfundisha kusoma na kuandika, kisha akamfundisha hata kazi ya kuchapa, wakawa wanafanya pamoja nyumbani. (Akina baba mnaosema mke hana muda wa darasa la watu wazima, mmesikia.) Hawakujaliwa watoto. Blake alifariki mwaka 1827 akazikwa London kwenye kaburi lisilo na alama.

Jambo moja la kushangaza ni kwamba huyu aliyechonga mashamba na kondoo vizuri hivyo alikuwa mtu wa mjini. Kijijini aliishi miaka mitatu tu, kuanzia 1800 hadi 1803, kwenye kijiji cha Felpham kando ya bahari. Na hata hapo hakuondoka kwa amani. Askari mmoja aliingia kwenye bustani yake, Blake akamtoa kwa nguvu, askari akaenda kumshitaki kwamba amemtukana mfalme. Kesi hiyo siku zile ingeweza kumfunga. Januari 1804 mahakama ilimwachia huru, lakini alikwisha kurudi London. Kwa hiyo alipochonga utulivu wa kijijini mwaka 1821, alikuwa anachonga kutoka kwenye kumbukumbu, tena kumbukumbu ambayo ndani yake kuna askari anayeingia kwenye bustani ya mtu bila hodi. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Mwenye kitabu alikuwa daktari, Robert John Thornton. Alitaka watoto wa shule wajifunze Kilatini haraka, akaona picha zitasaidia. Kitabu kilikuwa na picha 230 kwa jumla, za mafundi mbalimbali. Za Blake zilipofika, mambo yakawa magumu. Zilionekana kama kazi ya mtu asiyejua. Tatu katika michoro yake ilichongwa upya na fundi mwingine ili zifanane na zile za kawaida, na nyingine zingefuata, isipokuwa wachoraji wenye majina makubwa waliziona wakazisifu, daktari akaona haya. Hata hivyo vibao vilikatwa pembeni ili vienee kwenye ukurasa, na chini ya picha ya kwanza yakawekwa maneno ya kujitetea kwa wasomaji, kwamba kazi hii ufundi wake ni mdogo lakini wakubwa wanaipenda. Leo hakuna anayekitafuta kitabu kile kwa ajili ya Kilatini chake. Wanatafuta zile 17. Vibao vyenyewe vya mbao vimehifadhiwa British Museum, London.

Shairi lililo nyuma ya picha

Sasa tuje kwenye kiini, maana picha hizi zilichongwa kufuata shairi, na shairi hilo nalo lilitoka kwenye shairi jingine la zamani zaidi. Na hilo la zamani, ndugu zetu, ni habari ya mkimbizi.

Liliandikwa Italia na mshairi Virgil, aliyezaliwa mwaka 70 kabla ya Kristo karibu na mji wa Mantua. Wakati ule wakubwa wa Roma walipigana wenyewe kwa wenyewe baada ya Julius Caesar kuuawa. Mwaka 42 K.K. kukawa na vita vikubwa mahali paitwapo Philippi. Walioshinda walikuwa wamewaahidi askari wao ardhi. Vita vikaisha, askari wakarudi Italia wakidai ahadi, na ardhi ya bure haikuwepo. Basi ikateuliwa miji 18, na mashamba ya watu wake, raia ambao wengi hawakumkosea mtu, yakachukuliwa na kugawiwa askari. Mji wa Cremona ulikuwa mmojawapo. Ardhi yake haikutosha, wakavuka wakachukua na ya jirani, Mantua, kwao Virgil. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa kijana Octavian. Baadaye aliitwa Augusto, na ni huyo huyo Kaisari Augusto ambaye Injili ya Luka inasema aliamuru watu wote waandikishwe.

Shairi la Virgil lina wachungaji wawili. Mmoja, Tityrus, amelala kivulini anapiga filimbi yake. Mwingine, Meliboeus, anapita njiani na mbuzi wake. Hapigi filimbi. Amefukuzwa. Kuna mbuzi mmoja anayemkokota kwa shida, kwa sababu amezaa mapacha njiani juu ya mwamba, na vitoto ikabidi viachwe pale pale. Anasema wenzake wametawanyika, wengine wataishia Afrika kwenye ukame, wengine watapelekwa hadi Uingereza, ambayo Waroma waliihesabu kuwa mwisho wa dunia. Anajiuliza kama siku moja atapaona tena kwao, paa la kibanda chake, na shamba lake. Anasema askari ndiye atakayelivuna, na kwamba huyo ndiye waliyempandia.

Na huyu Tityrus amebakije? Alikwenda Roma akamwona kijana mkubwa, akaambiwa rudi, chunga kama zamani. Basi. Mmoja alipata mtu wa kumsikiliza, mwingine hakupata. Mpaka kati yao ni huo tu. Virgil hasemi kwamba Tityrus alikuwa mchapakazi zaidi, wala mwenye akili zaidi, na sisi tumelipenda shairi hili kwa sababu hiyo kuliko sababu nyingine yoyote.

Tulipowasomea wazee watatu muhtasari huu, mmoja alituuliza shairi hilo lina miaka mingapi. Tukamwambia zaidi ya 2,000. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza yule mbuzi alifika au hakufika. Shairi halisemi.

Jinsi askari alivyofutwa

Miaka ikapita mingi. Mwaka 1709 Mwingereza mmoja, Ambrose Philips, alichapisha mashairi ya wachungaji kwa kuiga mtindo huo. Kwake ndiko tunakowakuta Thenot na Colinet wetu. Mambo mengi aliyaacha kama yalivyo: wanaume wawili, mmoja ametulia na mmoja ana huzuni, kondoo, miti, jioni. Lakini kitu kimoja alikiondoa. Aliondoa askari.

Kwenye shairi la Philips hakuna aliyechukua shamba la Colinet. Kijana huyu ameondoka kwao, kando ya mto Severn, kwa hamu yake mwenyewe ya kuona nchi za watu. Akafika ugenini kwenye mto Cam, akakutana na shida: watu wanamsema vibaya, hana furaha, anajuta. Na mzee Thenot, badala ya kumuuliza nani alikutoa, anamkumbusha methali ya kwao ya kumkemea anayehamahama, kwamba hapati kitu. Yaani mtu aliyefukuzwa amegeuzwa kuwa kijana mtoro. Kosa limetolewa kwa wenye nguvu likawekwa mgongoni kwa anayetembea.

Hatusemi Philips alikusudia ubaya. Alitaka kuandika shairi zuri la kijijini kwa ajili ya watu wa mjini, na askari anayepima shamba la mtu haoneki vizuri kwenye shairi la namna hiyo. Lakini tazameni linalotokea. Ukimtoa askari, picha inabaki nzuri na tulivu, ila yule mwenye huzuni haeleweki tena. Kila mtu atamuuliza: sasa wewe uliondoka kwa nini? Swali hilo tumeulizwa wengi wetu, kwenye meza za mahojiano na hata sokoni, na tunajua lina sauti gani.

Shairi hili la Philips ndilo daktari Thornton alilotia kwenye kitabu chake cha shule, na ndilo Blake alilopewa alichoree picha. Askari hakumo. Blake hakumrudisha askari mwenyewe, hilo lazima tuseme ukweli. Ila nadhani mtakubaliana nasi mkizitazama zote kwa mfuatano kwamba alirudisha hofu. Mti unapigwa na upepo usiku chini ya mwezi mwembamba, na ngano yote imelala kama imekanyagwa. Colinet anatembea peke yake barabarani na kofia na fimbo, anapita jiwe la kando ya njia lililoandikwa kwa tarakimu za Kiroma kwamba kutoka hapo hadi London ni maili 62, karibu kilomita 100. Mtu anayetalii hatembei hivyo. Mtoto wa shule wa mwaka 1821 aliyefungua kitabu ili ajifunze Kilatini alikutana na usiku wa kweli.

Na nje ya kitabu, Uingereza ya wakati ule haikuwa imetulia. Kwa miaka mingi bunge lilikuwa likipitisha sheria za kuzungushia uzio malisho ya pamoja, kijiji kimoja baada ya kingine, na familia zisizo na ardhi yao zilizokuwa zikilisha ng'ombe mmoja au kuokota kuni pale zikafungiwa nje. Wengi wakawa vibarua wa mashamba ya wengine, wengi wakaenda mijini. Kwa hiyo picha za wachungaji waliotulia ziliuzwa sana wakati ule ule ambao wachungaji walikuwa wanapungua. Ndiyo kawaida, mtu haweki picha ya nyumba ukutani akiwa amekaa ndani ya nyumba hiyo.

Vijana waliozipenda

Vijana wachache wachoraji walizipenda picha hizi kupita kiasi. Mmoja ni Samuel Palmer, aliyekutana na Blake mwaka 1824 akiwa na miaka 19. Alihama London akaenda kukaa kijiji cha Shoreham, mkoa wa Kent, kwa miaka kadhaa, akichora mabonde, mwezi mkubwa, zizi la kondoo, watu wakitoka kanisani jioni. Picha zake ni tamu. Lakini mwaka 1830 huko huko Kent vibarua wenye njaa walivunja mashine za kupura nafaka, na marundo ya nafaka yakachomwa moto usiku. Moto huo hauonekani kwenye picha zake za mavuno. Yeye alikuwa upande wa wenye mashamba, na mwaka 1832 aliandika hata kijitabu cha siasa kuwaambia wapiga kura hivyo.

Tungeweza kumlaumu tukaishia hapo. Lakini alipozeeka alimrudia Virgil. Mwanawe wa kwanza alikuwa amekufa mwaka 1861 akiwa na miaka 19, na mzee huyu akatumia miaka yake ya mwisho kulitafsiri kwa Kiingereza lile shairi la asili, lenye askari ndani, pamoja na mengine tisa ya Virgil, na kuyachorea picha kwenye shaba. Alifariki mwaka 1881 kazi haijaisha. Mwanawe mdogo akaimalizia, kitabu kikatoka 1883. Mojawapo ya picha ambazo Palmer mwenyewe aliwahi kuzimaliza ni ya mchungaji anayefungua zizi alfajiri, kondoo wanatoka.

Na sisi tunawasimulia nini watoto?

Tumezunguka mbali, sasa turudi kambini. Yule mtoto wa bomba alitusumbua kichwani wiki nzima. Kwake, watu wasio na bomba wala mgao ni watu wa hadithi, kama sungura na fisi. Hana kosa, hajaona. Ameijua nyumbani kwao kwa masikio tu, na masikio yanapokea kile tunachomwaga.

Tumegundua familia zetu zina aina mbili za masimulizi. Kuna nyumba ambako nyumbani ni vita tu: usiku ule, milio ile, nani alibaki njiani. Watoto wa nyumba hizo ukiwaambia kurudi wanatetemeka. Na kuna nyumba ambako nyumbani ni asali tu: mawese ya Rumonge, samaki wa ziwa, ng'ombe wa milima ya Fizi, ndizi zinazoanguka zenyewe. Wazazi wanafanya hivyo kwa upendo, hawataka mtoto alale na hofu. Lakini mtoto huyo akikua kidogo atauliza lile lile aliloulizwa Colinet: kama ilikuwa nzuri hivyo, mliondoka kwa nini? Baba mmoja alitwambia binti yake alimuuliza hivyo mbele ya wageni, na yeye akakosa jibu, akajikuta anasema "basi tu." Basi tu! Mtu aliyetembea siku nyingi na mtoto mgongoni!

Sisi kwenye gazeti hili tunaona Virgil alifanya vizuri kuliko wote. Aliweka kivuli cha mti na filimbi, na njiani hapo hapo akaweka mtu aliyefukuzwa, na akamtaja aliyemfukuza. Hakuchagua kimoja.

Na kuna sababu nyingine isiyo ya mashairi. Burundi kule Rumonge na kwingineko, waliokimbia mwaka 1972 waliporudi baada ya miaka mingi wengi walikuta watu wengine kwenye mashamba yao, baadhi yao nao wakiwa wamepewa na serikali na wamezeeka hapo. Migogoro ikawa mingi mpaka mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi, CNTB. Katika mambo kama hayo, mtoto anayejua tu kwamba "kwetu kulikuwa kuzuri" hana la kusema. Anayejua kwamba shamba la babu lilianzia kwenye kijito fulani, likapanda hadi mti fulani wa mpaka, jirani wa juu alikuwa wa ukoo fulani na wa chini wa ukoo fulani, huyo ana pa kuanzia. Vitu vidogo vya utulivu, ile miti na mito na vijia ambavyo mtu anadhani ni mapambo ya hadithi, ndivyo vinavyolitambulisha shamba.

Kwa hiyo tunaomba kitu. Kila familia ikae jioni moja ichore kwao. Si lazima mjue kuchora, Blake mwenyewe aliambiwa hajui. Mchoreeni mtoto nyumba ilikuwa wapi, maji yalitoka wapi, mifugo ililala wapi, mpaka ulipita wapi. Kisha kwenye karatasi hiyo hiyo muonyesheni njia mliyotokea siku ya kuondoka, na mwambieni kwa maneno yanayolingana na umri wake nani alikuja na kwa nini hamkuweza kubaki. Mkubwa anayeona moyo unamwuma asijilazimishe, achore mto tu, mengine yatakuja siku nyingine. Nakala ya kwanza mbaki nayo nyumbani, isikae kwetu.

Kabla hatujasahau: mashairi yote mawili, la Virgil na la Philips, yanamalizikia pamoja. Jioni imefika. Aliyebaki hawezi kumrudishia mwenzake shamba, hana uwezo huo. Anamwambia tu alale kwake usiku huo. Kwa Virgil kuna matunda yaliyoiva, njugu za porini na jibini, na moshi unapanda kwenye mapaa huku vivuli vya milima vinarefuka. Kwa Philips kuna maziwa, jibini na matunda yaliyobaki ya mwaka uliopita, na majani laini ya kulalia. Blake akawachonga wanakula, na kwenye picha za mwisho ng'ombe waliofunguliwa nira wanarudi nyumbani taratibu. Asubuhi haikuchongwa.

Wanaopenda kuonyesha michoro yao kwa wengine wailete kwa mwalimu wa karibu au waikabidhi kwa anayewaletea gazeti hili, kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Penseli tunazo chache za kuazima. Karatasi hazitoshi, kwa hiyo tumieni upande wa nyuma wa daftari lililoisha. Majina ya watu na ya vijiji msiyaandike kwenye nakala ya kuleta, andikeni kwenye ile ya nyumbani. Picha zote 17 za Blake zimebandikwa kwenye maktaba ya shule hadi mwezi ujao. Watoto wasizibandue tafadhali, gundi tuliyonayo ni ya uji wa unga.